Acha Kabichi Iwe Kabichi

Mama hakuwa ametia kitu cha maana tumboni tangu juzi. Dawa zilikuwa zimemwondolea ladha mdomoni: uji ulimchefua, mkate ulimkwama kooni, na supu niliyomtafutia mjini aliigusa kwa kijiko akaisogeza kando. Tulikuwa tumepanga chumba Chennai, kusini mwa India, kwenye vichochoro vya nyuma ya Greams Road, wanakofikia wagonjwa wengi wa kigeni pamoja na ndugu wanaowauguza. Mwenye nyumba alikaa chini, sisi ghorofani. Masharti yake yalikuwa machache, na la kwanza lilikuwa kwamba nyama, samaki na mayai haviingii mlangoni. Alikuwa mjane wa makamo, na mtaa mzima ulimwita Maami, kama sisi tunavyomwita mtu shangazi kwa heshima. Nasi tukamwita hivyo hivyo.

Mchana ule alipanda ngazi ameshika sahani ya stili. Wali kidogo. Kikombe cha rasam, ule mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili manga. Na pembeni ya wali, kilima kidogo cha maharage machanga yaliyokatwa vipande vidogo kuliko ukucha, yamechanganyika na nazi iliyokunwa. Hakuna kitunguu, hakuna nyanya, hakuna mchuzi.

Mama akachota kwa vidole, akatafuna polepole. Akachota tena. Hakusema neno mpaka kilima kile kikaisha, ndipo akanitazama.

"Haya maharage yana ladha ya maharage."

## Kwani yawe na ladha gani?

Anayemfahamu mama yangu anajua hamwagii mtu sifa za bure jikoni. Amepika kwenye shughuli za watu Tanga tangu sijazaliwa. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, mbaazi za asubuhi, hivyo vyote anavipima kwa jicho na havimkosei. Kwa hiyo maneno yake niliyabeba, na tuliporudi nyumbani yaliendelea kunifuata kila nilipowasha jiko.

Fikiria namna tunavyounga mboga. Kitunguu kwenye mafuta, kitunguu saumu, nyanya mpaka zilainike, karoti iliyokunwa, hoho, bizari, na siku hizi kiungo cha pakiti. Halafu ndipo tunaleta kabichi. Kesho tunafanya vilevile, tunaleta bamia. Keshokutwa biringanya. Kinachobadilika ni umbo la kinachotafunwa. Ladha inabaki ya nyanya na kitunguu. Nilipoanza kulitazama hili sikuweza tena kuacha kuliona, si kwangu tu, hata kwenye sufuria za mashoga zangu na za mama ntilie ninaokula kwao mchana.

Rosti ya nyanya ni nzuri. Naipenda na nitaendelea kuipika. Lakini kwa nini kila mboga ipite humo?

Na kulikuwa na shaka ya pili iliyonisumbua zaidi ya hiyo. Huenda mama alisifu kwa sababu alikuwa mgonjwa. Mdomo uliopoteza ladha ukipata chochote unachoweza kukitambua, hata maharage ya kuchemsha, unashukuru. Huenda hakukuwa na siri yoyote kwenye ile sahani, ila njaa iliyokuwa imerudi kwa wakati wake. Wiki za kwanza zote niliamini hivyo, na nikapika kama zamani.

## Sahani ambayo kazi imegawanywa

Kilichonibadilisha mawazo ni kukumbuka kwamba yale maharage hayakuja peke yake. Yalikuwa sehemu ya mpangilio.

Mlo wa mchana wa nyumba ya Kitamil, yaani ya wenyeji wa Tamil Nadu, jimbo ambalo Chennai ni mji wake mkuu, una wali katikati, na kuuzunguka kuna vitu vyenye kazi tofauti. Kuna cha majimaji: sambar, yaani mbaazi zilizokobolewa na kuchemshwa mpaka zikavurugika, zikatiwa ukwaju na mboga, kisha rasam. Kuna kikavu, kama yale maharage ya Maami, ambacho wanakiita poriyal. Mara nyingi kuna kizito cha katikati, kootu, mboga iliyopikwa pamoja na dengu au choroko na nazi ya kusaga. Kuna cha baridi na chachu, pachadi ya mtindi. Kuna achari kidogo pembeni. Wali wa kwanza unaliwa na sambar, wa pili na rasam, wa mwisho na mtindi, na zile mboga za kando zinaonjwa katikati ya matonge yote.

Kwenye sherehe mpangilio huu unaonekana wazi zaidi kwa sababu chakula kinapakuliwa juu ya jani la mgomba. Jani linatandikwa ncha ikielekea kushoto kwa mlaji. Wali unakaa nusu ya chini, karibu naye. Mboga zote za kando zinapangwa nusu ya juu, kila moja na mahali pake, kidogo kidogo. Kule Kerala, jimbo la jirani, kwenye karamu ya sikukuu ya Onam, vitu vilivyo juu ya jani vinaweza kupita ishirini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maharage ya Maami hayakuhitaji nyanya. Uchachu ulikuwa kwenye rasam. Ukali ulikuwa kwenye pilipili manga ya rasam hiyo hiyo. Kulowesha wali ilikuwa kazi ya mwingine. Maharage yalibakiwa na kazi moja tu, kuwa maharage.

Sisi tunakibebesha chungu kimoja kila kitu. Mboga hiyo moja iloweshe ugali, ilete chumvi, ilete uchachu, ijaze tumbo. Hata ningekuwa mimi hiyo mboga, ningeomba nyanya.

## Poriyal, hatua kwa hatua

Maami aliniruhusu kusimama mlangoni mwa jiko lake, si ndani. Kwa ukoo wake wa Kibrahmin, tabaka la makuhani wa Kihindu, jiko ni mahali pa usafi wa kiibada. Alioga kwanza alfajiri, akachora nakshi ya unga wa mchele mbele ya mlango wa nyumba, ndipo akawasha moto. Basi nilijifunza kwa kutazama, na kwa maswali yangu ya Kiingereza cha kuungaunga ambayo aliyajibu kwa kunionyesha.

Kilichonishangaza kwanza ni muda wa kukata. Alikaa sakafuni mbele ya aruvamanai, ubao wenye kisu kilichosimama wima, jamaa wa karibu kabisa wa mbuzi yetu ya nazi. Hata ya kwake ilikuwa na meno ya kukunia nazi kwenye ncha. Aliukanyaga ubao kwa mguu mmoja na kusukuma fungu la maharage dhidi ya makali kwa mikono miwili. Vipande vilidondoka vyote vya ukubwa mmoja. Kukata kulichukua muda mrefu kuliko kupika, na ndivyo inavyotakiwa. Kipande kidogo kinaiva haraka bila maji mengi, na kinaiva sawasawa na mwenzake. Ukikata ovyo utalazimika kuongeza maji, na ukiongeza maji umeshapika kitu kingine.

Kwa robo kilo ya maharage machanga, mambo yanakwenda hivi. Vijiko viwili vidogo vya mafuta kwenye karai. Ya nazi au ya ufuta yanafaa sana, na ya alizeti hayakatazwi. Mafuta yakishapata moto, kijiko kidogo cha haradali. Subiri. Haradali itaanza kupasuka na kurukaruka, na mpaka ipasuke usiguse kitu kingine, kwa sababu isiyopasuka ni chungu. Inapokaribia kunyamaza, tia kijiko kidogo cha urad, zile punje nyeupe zilizokobolewa zinazouzwa maduka ya viungo ya Kihindi. Zikigeuka rangi ya dhahabu, pilipili nyekundu kavu moja au mbili zilizokatwa vipande, mvuje chembe, na kikonyo cha majani ya kari. Majani yatalia kwa nguvu, ujitenge kidogo.

Mara hiyo hiyo maharage yaingie, na chumvi, na manjano kidogo ukipenda. Nyunyiza maji kwa mkono, kiasi cha kutosha kutoa mvuke. Moto wa wastani. Usifunike moja kwa moja kama unataka yabaki kijani. Yakishalainika huku bado yana ukakamavu kidogo kwenye jino, kausha maji yaliyobaki, zima moto, ndipo utie nazi iliyokunwa, vijiko vitatu vikubwa, uchanganye.

Zima moto kwanza. Nazi haipikwi, inapata joto tu.

Zile punje za urad zina kazi kubwa kuliko udogo wake. Unatafuna mboga laini, ghafla unakutana na kitu kikavu kinachovunjika. Ukizikosa dukani, mboga bado itakuwa nzuri, lakini nakuomba uzitafute.

## Nazi isiyokamuliwa

Hapa mama na mimi tulibishana, na hatujamaliza.

Mtu wa pwani anajua nazi ni tui. Unakuna, unakamua tui zito, unaongeza maji unakamua jepesi, na machicha yanakwenda kwa kuku. Mama alipoona Maami anatia nazi nzima nzima kwenye mboga, tui na machicha yake, alisema ile ni nazi ambayo haijamalizwa kazi. Aliipenda mdomoni lakini mikono yake ilimwambia kuna hatua imerukwa.

Nimefikiria sana na ninadhani wote wawili wana haki kwa sababu wanaitafutia nazi vitu viwili. Tui linaifunika mboga, linaipa utelezi na utamu unaoenea kila mahali. Nazi ya kukunwa haiifuniki mboga. Inakaa kando yake, unaihisi kama kipande chenye utamu wake, na mafuta yake yanatoka pale unapotafuna. Ukitia tui kwenye kabichi, umekula mchuzi wa nazi wenye kabichi. Ukitia nazi iliyokunwa, umekula kabichi.

Kerala wana namna yao, thoran, ambayo kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote. Nazi inatwangwa kidogo tu pamoja na pilipili mbichi, bizari nyembamba na manjano, pengine na punje ya kitunguu saumu. Isisagwe ikawa laini. Ivunjwe tu kwenye kinu mpaka harufu zishikane. Kabichi iliyokatwa nyembamba sana inachanganywa na nazi hiyo kwa mkono, kwa kubonyeza, kabla ya kugusa moto. Kisha inatiwa juu ya haradali iliyokwisha kupasuka kwenye mafuta ya nazi, inafunikwa dakika chache, inafunuliwa, inakaushwa. Maji yote yanatoka kwenye kabichi yenyewe.

Nilipoipika nyumbani Tanga, mama akiwa mzima na mdomo wake umerudi, aliila na ugali na dagaa. Akaomba nyingine. Ile shaka yangu kwamba sifa ya kwanza ilitoka kwa mgonjwa ikaishia hapo.

## Mvuje ndani ya sufuria

Mvuje ulikuwa mgumu zaidi.

Kwetu mvuje ni dawa. Ni kile kitu chenye harufu kali anachofungiwa mtoto mchanga kwenye kitambaa asipatwe na jicho, kinachouzwa kwa wauza dawa za asili pamoja na ubani na udi. Harufu yake kwetu ni ya chumba cha mzazi, ya siku za arobaini. Maami alipofungua kikopo chake cha perungayam pale mlangoni, mama alijua kilichomo kabla mimi sijajua, akavuta ushungi mpaka puani.

Ni utomvu ule ule. Unagemwa kwenye mizizi ya mimea inayoota Iran na Afghanistan, na India, inayoutumia sana, imekuwa ikiununua nje karibu wote. Ni mwaka 2020 tu ndipo watafiti wa serikali yao walipoanza kuupanda kwenye bonde la Lahaul, huko Himachal Pradesh. Unaouzwa kwa mapishi huchanganywa na unga ili kupunguza makali yake. Kwenye mafuta ya moto harufu ile mbaya inabadilika kabisa, inakuwa kama kitunguu kilichokaangwa kwa muda mrefu. Ndiyo sababu jiko la Maami, ambalo halikuingiza kitunguu wala kitunguu saumu kwa sababu za dini, halikuwa na upungufu wa harufu. Punje ndogo kuliko mchele inatosha sufuria ya watu watano.

Je, lazima? Sidhani. Nyumba nyingi za Tamil Nadu zinatumia vitunguu bila shida, na ukitia kitunguu kidogo kwenye poriyal yako hujaharibu kitu. Mama bado hataki mvuje kwenye chakula, na sitamlazimisha. Kuna harufu ambazo mtu amezipa mahali pake maishani na hatakiwi kuzihamisha. Ninapompikia yeye nauacha. Ninapojipikia mwenyewe natia.

## Watashiba?

Swali hili niliulizwa na mume wangu, kaka zangu, na jirani aliyekuja kuazima kinu akakuta nimepika. Kitoweo kiko wapi?

Jibu langu la kwanza lilikuwa kuwaonyesha kootu. Mumunye, lile tunalolipita gengeni kwa sababu halina ladha, linakatwa vipande na kuchemshwa na manjano. Choroko zilizokobolewa, ambazo zinaiva upesi, zinachemshwa pembeni mpaka zilegee. Nazi, bizari nyembamba na pilipili mbichi zinasagwa pamoja. Vyote vitatu vinakutana kwenye sufuria moja kwa dakika tano, mpaka uzito uwe wa kushikamana na tonge, na mwisho kabisa unamiminiwa juu haradali na majani ya kari yaliyokaangwa. Haradali hapa inakuja mwisho, si mwanzo. Inafika mezani bado ina mlio wake. Kwa familia ya watu watano natumia kikombe kimoja cha choroko na mumunye moja la wastani, na hakuna aliyeinuka na njaa.

Kuna na usili, ambayo inastahili makala yake yenyewe. Dengu au mbaazi zilizokobolewa zinaloweshwa, zinasagwa na pilipili kavu bila maji mengi, zinapikwa kwa mvuke, zinavunjwavunjwa kwa mkono mpaka ziwe chengachenga, kisha zinakaangwa na maharage machanga au ua la mgomba. Ni kavu, ni chakula kamili, na watoto wanadhani ni nyama ya kusaga. Sikuwasahihisha siku ya kwanza. Siku ya pili niliwaambia, wakaendelea kula.

Kuhusu mbaazi nina neno. Sisi tunazila na mandazi asubuhi, na wakulima wa Mtwara, Lindi na Babati wanazilima kwa wingi ambao sehemu kubwa inakwenda India, nchi inayolima na kula mbaazi kuliko nyingine yoyote. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei huku ilianguka vibaya na watu wakabaki na magunia ndani. Masharti yalilegezwa 2021. Kipindi kile watu walisema mengi kuhusu masoko ya nje. Mimi nikiwa Chennai, nikitazama sufuria ya sambar ikichemka kila siku katika kila nyumba ya mtaa ule, niliwaza jambo dogo zaidi: sisi wenyewe tunajua mapishi mangapi ya mbaazi? Mimi nilijua moja. Tamu sana, lakini moja.

Vilevile mlonge. Huku tunasaga majani yake tukayanywa kama dawa ya sukari na presha. Kule maganda yake marefu yanakatwa urefu wa kidole, yanatiwa kwenye sambar, na watu wanayafyonza kwa meno mezani bila aibu. Majani yanapikwa na nazi kama mchicha. Mlonge uko nyuma ya nyumba yetu tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kuula mbichi hata jani.

## Nani anapika vyote hivyo?

Kuna siku nilitaka kuacha kabisa kuandika makala hii.

Nilikuwa nimeanza kuyapamba mambo. Ukisoma nilivyoeleza sahani ile utadhani Tamil Nadu yote inaishi kwa mboga. Sivyo. Watu wengi sana wa jimbo hilo wanakula samaki, kuku na mbuzi, na wanavipika vizuri mno. Kuacha nyama maisha yote ni desturi ya jamii chache, Wabrahmin wakiwemo, na imefungamana na mambo ya tabaka ambayo hayapendezi: kuna nyumba za kupanga Chennai zinazotangazwa kwa wala mboga peke yao, na kila mtu anaelewa nani anaambiwa asije. Wengine wanaacha nyama siku za mwezi mwandamo au mwezi mzima wa Purattasi, kati ya Septemba na Oktoba, halafu wanarudi. Sisi tulifaidika na sharti la Maami, kwa sababu mama hakuhitaji kuuliza kama nyama imechinjwa kihalali. Lakini sharti hilo hilo linamfungia mwingine mlango, na siwezi kusifu chakula nikalificha hilo.

La pili ni kazi. Sambar, rasam, poriyal, kootu, pachadi, wali: hivyo ni vyombo sita kabla ya saa nne asubuhi, na mikono iliyovifanya ilikuwa ya mwanamke mmoja. Mboga ya kando inaitwa rahisi, na ukiitazama peke yake ni rahisi kweli, dakika kumi na tano. Urahisi wake unasimama juu ya vingine vitano. Nilimuuliza Maami kama haimchoshi. Alisema binti yake, anayefanya kazi kwenye kampuni ya kompyuta Bengaluru, anapika kimoja tu na kununua mtindi. Hakusema kwa masikitiko. Alisema kama mtu anayeona ni sawa.

Jibu hilo ndilo lililonirudisha mezani kuandika. Binti yake amebakiza kanuni na kupunguza vyungu.

## Jikoni kwangu sasa

Siku za kazi napika kikavu kimoja na cha majimaji kimoja, na mtindi uko mezani. Basi. Cha majimaji mara nyingi ni kile kile chetu: maharage ya nazi, mchuzi wa samaki, mbaazi, dagaa wa mchuzi. Kikavu ndicho kilichohamia kutoka Chennai. Sijaacha kitoweo na sina mpango huo. Nimeacha tu kuitumia kabichi kama mchuzi. Nyanya sasa zina sufuria moja ndani ya nyumba, na fungu linakaa muda mrefu zaidi.

Mtindi naufanyia pachadi siku za joto. Bitiruti iliyokunwa na kuchemshwa kidogo, ikapoa, ikachanganywa na mtindi mzito na chumvi, juu yake haradali na pilipili kavu kwenye kijiko cha mafuta. Tango mbichi nalo linafaa, bila kuchemsha. Watoto wanapigania ya bitiruti kwa sababu ya rangi.

Bamia zinahitaji uangalifu wake. Zioshe zikiwa nzima, uzifute kwa kitambaa mpaka zikauke kabisa, ndipo ukate. Karai liwe pana, usifunike, usitie maji hata tone, na chumvi ije mwishoni. Utelezi ukianza kuvuta nyuzi, kijiko cha maji ya ukwaju au cha mtindi kinaukata. Zinakuwa kavu, zimekunjamana pembeni, na zinaliwa na wali na rasam bila kuhitaji kitu kingine. Ndizi mbichi na magimbi yanafuata njia ya mezhukkupuratti ya Kerala: yachemshwe kwanza nusu kuiva, kisha yakaangwe taratibu kwenye mafuta ya nazi na pilipili manga iliyopondwa, bila nazi ya kukuna.

Kama hujawahi kujaribu chochote katika haya, usianze na bamia. Anza na kabichi. Kwa Maami kabichi ilikuwa mboga ya kigeni, iliyokuja na Wazungu na kulimwa juu kwenye baridi ya milima ya Nilgiri, na siku ya kumbukumbu ya marehemu wao hairuhusiwi kabisa kuingia sufuriani. Lakini siku nyingine aliipika, na ni mboga inayosamehe. Ukizidisha moto kidogo inavumilia, ukipunguza nazi bado inapendeza. Haradali ipo kwenye maduka ya viungo pale soko la Mgandini, Tanga, urad uulizie kwa jina hilo hilo, na majani ya kari, kama jirani yako ana mti, muombe kikonyo na mche wa kupanda. Nusu kabichi inatosha watu wanne. Ikate nyembamba kuliko unavyodhani inatosha, kisha uipunguze tena.